Pikipiki inazima kila nikiondoka, na kwenye mwinuko inanirudisha nyuma

BintiUgani

Wakuu, habari za jioni. Naomba maelezo kwa wanaoijua pikipiki kwa undani, si yale ya "utazoea tu".

Pikipiki ni ya cc 125, gia 4, klachi ya mkono, breki za dramu mbele na nyuma. Baiskeli naiweza, gari sijawahi kushika. Mazoezi nafanyia uwanjani hapa Uyole, ila kazi yenyewe ni ya kuzunguka vijiji vya juu, Isyonje kwenda Kikondo. Ukiacha lami ni milima na changarawe, na mvua zikianza Novemba ni tope mpaka Aprili.

Yanayonishinda ni haya. Nikiachia klachi, inazima au inaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kwenye mwinuko inarudi nyuma kabla sijaondoka. Kuna wanaoniambia breki ya mbele nisiiguse kabisa maana inapindua. Na kuna wanaosema niondokee gia ya pili ili isiruke. Nimsikilize nani?

FundiMafiati

Dada, matatizo yako mawili ya kwanza ni tatizo moja, nalo liko mkono wa kushoto. Hujajua klachi yako inashikia wapi, kwa hiyo unaisaidia kwa mafuta, na hayo mafuta ndiyo yanayoirusha.

Elewa kwanza kinachoendelea ndani. Ukibana klachi, sahani zake zinaachana na injini inazunguka peke yake. Ukiachia, zinaanza kugusana. Kati ya kuachana kabisa na kushikana kabisa kuna nafasi ndogo, kama upana wa kidole kimoja au viwili kwenye mkono wa klachi, ambapo sahani zinasuguana na kupeleka nguvu kidogo kidogo. Pikipiki huondokea hapo. Anayejifunza anairuka nafasi hiyo kwa mara moja. Injini inayozunguka kama mara 1,400 kwa dakika inafungwa ghafla kwenye tairi lililosimama. Kama mafuta ni kidogo inazima, kama ni mengi inaruka. Hakuna uchawi.

Kesho fanya hivi, mahali tambarare, ardhi ngumu. Washa, acha ipate joto. Miguu yote miwili chini. Bana klachi mpaka mwisho, ingiza gia ya kwanza. Mafuta usiyaguse kabisa. Achia klachi taratibu sana mpaka usikie sauti ya injini inashuka na pikipiki inataka kusogea mbele. Simamisha mkono hapohapo, hesabu moja mpaka tatu, bana tena. Rudia mara 30. Ni zoezi la kuchosha na watoto wa mtaani watakucheka, lakini ndilo lenyewe.

Mkono ukishapajua hapo, iache isogee huku unatembea nayo kwa miguu, mita 10, bana, simama kwa breki. Bado bila mafuta. Cc 125 iliyokaa sawa inaondoka yenyewe kwenye tambarare bila kuongezewa chochote. Ikikataa, injini inazunguka chini mno, ipandishwe kwenye skrubu ya kabureta. Ukiweza mara 10 mfululizo bila kuzima, panda miguu juu ya vikanyagio. Baada ya hapo ndipo uanze kuongeza mafuta, nayo ni robo ya robo, kiasi cha kusikia sauti imepanda kidogo.

Usiogope kuunguza klachi. Ya pikipiki hizi inakaa ndani ya oili na inavumilia kusuguliwa kuliko ya gari. Ila ukisikia harufu ya kuungua au ukaona injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, pumzisha dakika 10. Hapo hapo niseme jambo la oili: usiweke ya magari. Baadhi zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo inafanya klachi iteleze. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA, 20W-50 au namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Nyingi za saizi hiyo zinachukua kama lita 1.

Gia ya pili ya kuondokea: hapana. Gia ya kwanza ndiyo yenye nguvu ya kusukuma uzito uliosimama. Ukiondokea ya pili unalazimika kusugua klachi muda mrefu zaidi, na mlimani itazima kila mara. Pahali pamoja tu inafaa, kwenye tope la utelezi lisilo na mwinuko, ambapo gia ya kwanza inalizungusha tairi bure.

Halafu uliza mpangilio wa gia zako kabla ya yote. Kuna pikipiki zote zinakanyagwa mbele, moja mpaka nne. Nyingine gia ya kwanza iko chini na zinazobaki unazinyanyua. Aliyejifunza kwenye ya jirani halafu akapanda ya kwake anashuka gia akidhani anapanda, tairi la nyuma linajifunga.

MzeeWaLwanjilo

Mwanangu, breki ya mbele achana nayo. Huku barabara ya Chunya kabla ya lami waliokuwa wanaigusa kwenye kona za changarawe tuliwaokota korongoni. Breki ni ya mguu.

Mwalimu_Ipogolo

Shikamoo mzee. Kwenye changarawe tutarudi, una hoja. Ila asiyetumia breki ya mbele kabisa anaendesha na nusu ya breki, tena nusu iliyo dhaifu.

Ukifunga breki, uzito wako na wa pikipiki unahamia mbele. Tairi la mbele linagandamizwa chini, la nyuma linakuwa jepesi. La nyuma likishakuwa jepesi, ukilikanyagia zaidi linateleza tu na kutupa mkia pembeni. Kwa hiyo kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kusimama inafanywa na mbele. Kinachopindua watu ni kuinyakua kwa ghafla, au kuifunga usukani ukiwa umekata kona, au kuifunga juu ya mchanga. Hayo ni makosa ya mkono, mkono unafundishika.

Namna yenyewe: vidole viwili au vinne, vyovyote vinavyofika vizuri. Gusa kwanza, usikie pua ya pikipiki inashuka, ndipo ukaze zaidi. Usukani unyooke. Mguu wa kulia unakanyaga kwa upole wakati huohuo. Klachi ibane mwishoni, karibu na kusimama, si mwanzoni, kwa sababu injini nayo inasaidia kupunguza mwendo. Wengi wanabana klachi kwanza kwa hofu ya kuzima, pikipiki inaachiwa, inakimbia.

Chora mstari chini kwa chokaa uwanjani. Ukifika na gia ya pili, kama kilomita 20 kwa saa, uanze kufunga hapo, upime hatua ngapi umesimama. Hesabu ya kawaida kwa lami kavu, breki zote mbili zikifungwa vizuri, na sekunde 1 ya kushtuka ikiwemo: kwa kilomita 20 kwa saa unahitaji kama mita 8, kwa 40 ni kama 21, kwa 60 ni karibu 40. Mwendo ukizidi mara mbili, ule umbali wa breki peke yake unazidi mara nne. Lami ikilowa ongeza zaidi, hasa dakika za mwanzo za mvua, vumbi na oili ya malori vinapochanganyika kuwa utelezi.

Sasa mwinuko. Huku Iringa tunawafundishia kwenye mtelemko mdogo wa pembeni, si ule wa kutoka Ipogolo kupanda mjini wenye mabasi. Tafuta nawe kaupande kenye mwinuko mdogo.

Simama, mguu wa kulia juu ya breki ya nyuma, mguu wa kushoto chini. Wengi wanakosea hapa: wanaweka miguu yote chini, au ule wa kulia, halafu hakuna breki ya nyuma. Gia ya kwanza iwe imeingia kabla hujasimama. Ongeza mafuta kidogo kuliko ya tambarare, shikilia sauti hiyo isipande isishuke. Achia klachi mpaka pale pa kushika. Utajua umefika kwa sababu sauti inazama na nyuma ya pikipiki inajikaza kama ng'ombe anayetaka kuvuta jembe. Sasa toa breki. Haitarudi nyuma hata ukikaa sekunde 3, klachi imeshaishikilia. Ongeza mafuta, malizia kuachia, ndipo mguu wa kushoto upande.

Ukitoa breki kabla klachi haijashika, inarudi. Ukichelewa kutoa breki huku klachi unaiachia, inazima. Mpangilio ni sauti, klachi, breki. Ukiona imezima kwenye mwinuko, usihangaike na kiki hapohapo. Funga breki zote, bana klachi, igeuze ikae kiubavu wa mlima, kisha uwashe.

MzeeWaLwanjilo

Marahaba mwalimu. Kwa lami nakubali. Lakini binti anaenda Kikondo, si mjini, na huko hatari yake ni kushuka kuliko kupanda.

Mwanangu, gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Ulipanda na ya pili, shuka na ya pili, mafuta umeachia kabisa, klachi usiiguse. Injini itaivuta nyuma yenyewe, breki unaigusa na kuachia, unagusa na kuachia. Vijana wa bodaboda wanazima injini au wanatoa gia ili kuokoa mafuta. Mteremko wa kilomita kadhaa breki za dramu zinapata joto, zinalegea, ukikanyaga mguu unaenda chini tu. Wakati huo mwendo ni mkubwa, gia ya chini haiingii. Mafuta waliyookoa hayafiki kikombe.

Ikikuzidi kasi, shusha gia moja moja, na kila ukishusha achia klachi polepole. Ukiiachia ghafla tairi la nyuma linajifunga kama umekanyaga breki.

Kwenye changarawe, punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ukishaingia kwenye kona mikono iwe laini, usifunge kitu. Pita kwenye mstari wa tairi za magari, kokoto zimesukumwa pembeni na katikati. Usukani utachezacheza, uache ucheze. Anayeushika kwa nguvu ndiye anayeanguka. Macho yaende unakotaka kwenda. Ukikodolea korongo, utalifuata.

BintiUgani

Asanteni sana, na shikamoo mzee. Nimefanya zoezi la klachi bila mafuta, imekubali. Mara mbili tu ndiyo imezima kati ya 20.

Nimebaki na mawili. Asubuhi kukiwa na baridi, nikiondoka mita chache inakohoa na kuzima, mchana haina shida. Kuna kijana akaniambia kichujio cha hewa kitolewe. Pia mkono wa klachi ninaufikia kwa ncha za vidole, unachoka haraka.

FundiMafiati

Huyo kijana asiiguse pikipiki yako. Kichujio kikitoka, vumbi la barabara zako linaingia moja kwa moja kwenye silinda, ringi zinalika, na baada ya miezi unavuta moshi wa bluu na kununua oili kila wiki. Kisafishe, ni kazi ya dakika 15. Cha sponji kifue kwa sabuni, kikauke, kipake oili kidogo na kukamua. Cha karatasi kipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kikichoka badilisha.

Asubuhi ni choki, ule wenzo wa kuzidisha mafuta injini ikiwa baridi. Vuta choki, washa bila kugusa mafuta, iache dakika 1 mpaka 2, rudisha nusu, ikitulia rudisha yote. Ukiondoka ingali na baridi inakohoa. Ukisahau kuirudisha, inavuta moshi mweusi, inakula mafuta, na plagi inakuwa nyeusi kama mkaa mpaka inakataa kuwaka.

Na juu huko itakuwa nzito zaidi, usidhani imeharibika. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, safu za Kitulo unapita 2,600. Hewa ni nyepesi, injini ya kabureta inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo mlima ambao pikipiki kama hiyo kule Kyela ingeupanda na gia ya tatu, wewe utaupanda na ya pili. Shusha gia mapema, kabla injini haijaanza kugonga. Ukisubiri mpaka ianze kulia, umechelewa.

Mkono wa klachi: legeza skrubu ya kishikizo kwenye usukani, uzungushe ushuke kidogo mpaka kifundo cha mkono kinyooke sawa na mkono wako ukiwa umekaa. Kisha angalia uhuru wake. Ncha ya mkono icheze bure milimita 10 mpaka 20 kabla waya haujakaza. Ikicheza zaidi, klachi haiachi vizuri, gia zinaingia kwa kelele na nyutro huipati. Isipocheza kabisa, klachi inateleza muda wote na sahani zinaisha. Waya ukiwa mgumu, tia oili nyepesi kwa juu mpaka itokee chini. Kwa pikipiki ya mitumba mimi ningenunua waya mpya tu, bei yake haifikii kazi ya kukatikiwa juu ya mlima.

Ukiwa hapo, pima na mnyororo. Katikati, sehemu ya chini, uweze kupanda na kushuka milimita 25 hivi, na uupime sehemu tatu ukizungusha tairi, maana haulegei sawa. Ukikaza mno unaua bearingi. Ukilegea unaruka meno ukifunga au kuongeza mafuta, na kwako utahisi ni klachi inayorusha, kumbe siyo.

SauTop

Upepo wa matairi pia. Pikipiki nyingi ni psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, soma kibandiko kwenye bamba la mnyororo. Tairi laini usukani unakuwa mzito kwenye kona, mwanafunzi anadhani ni yeye.

Mwalimu_Ipogolo

Niongeze la barabara kuu, kwa sababu lazima upite Uyole.

Usiingie TANZAM kabla hujaweza mambo manne bila kufikiri: kuondoka na kusimama mara 20 bila kuzima, kukata nane (kuzunguka kwa umbo la namba 8) ndani ya nafasi ya mita 6 kwa 12 bila kuweka mguu chini, kuondoka mlimani, na kutazama kioo kisha kugeuza shingo huku pikipiki ikiendelea kunyooka. Hilo la mwisho linawashinda wengi kuliko klachi. Ile nane unaikata kwa klachi nusu, mafuta yaleyale, na breki ya nyuma ikikwaruza kidogo. Ya mbele usiiguse pale, usukani umepinda.

Siku za kwanza nenda asubuhi ya Jumapili. Malori ya Mlima Nyoka na yale ya mteremko wa Iwambi yanashuka na gia nzito kwa sababu dereva wake hawezi kusimama haraka. Usijichomeke mbele yake, wala usimfuate ubavuni. Kama huoni vioo vyake, naye hakuoni. Semi ikikupita kutoka mbele, upepo unakusukuma kushoto halafu unakuvuta. Mikono ilegee, usijibu kwa kukata usukani.

Leseni ya kujifunzia na bima viwe vimekamilika kabla hujatoka uwanjani. Daraja A ni la pikipiki inayozidi cc 125, A1 ni la isiyozidi hapo. Angalia kadi ya pikipiki yako imeandikwa ngapi, maana nyingi zinazoitwa 125 kwenye kadi ni 124 na kitu.

BintiUgani

Mungu awabariki. La mwisho: mvua zikianza nivae buti za mvua? Na tope lenyewe linaendeshwaje?

MzeeWaLwanjilo

Buti za mvua zile pana hapana, mwanangu. Ncha yake ni nene, haiingii vizuri chini ya gia, na mguu hausikii kama gia imeingia. Chukua buti fupi ya ngozi inayofunika kifundo, kamba zifichwe ndani. Khanga na koti la mvua vifungwe, mnyororo hauchagui. Glavu ziwe nyembamba za kuzuia upepo, nene zinakunyang'anya klachi. Julai vidole vikifa ganzi, simama uvipashe kwenye injini, usiendelee.

Tope: gia ya pili, mwendo mmoja, mafuta yasipande wala kushuka. Breki ya mbele hapo ndipo uisahau, nadhani mwalimu hatabisha. Usisimame katikati ya tope ukitafakari. Tazama kwanza, chagua njia, pita. Ule udongo wa mfinyanzi unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi la mbele linakataa kuzunguka. Beba kijiti cha kuutoa. Ukipita kwenye maji, gusa breki kwa upole mita 50 hivi mpaka dramu zikauke, kabla hujafika kwenye mteremko.

Na mzigo usibebe mpaka upite miezi kadhaa. Nawajua wakulima wa huko, utawasaidia shambani, nao watakufungia gunia la viazi nyuma kwa shukrani, tena lumbesa. Kataa. Uzito nyuma ya ekseli unanyanyua tairi la mbele mlimani, na breki yako ya mbele haitakuwa na kitu cha kushika.

Mwalimu_Ipogolo

Sibishi, mzee.